Alama ya Pembeni

Shuleni, 4 Septemba

Mwalimu Mkuu,

Shikamoo. Najua umestaafu na cheo hicho sasa ni cha mtu mwingine, lakini mdomo wangu umekataa kubadilika na mkono umeufuata.

Nimepiga simu yako mara nne. Mara zote umepokea, ukasema "Haloo, nani?", ukasubiri kidogo, ukasema "Mtu mzima hovyo!" na kukata. Ndipo nikakumbuka lile sikio lako. Basi naandika.

Mimi bado nipo darasa la nne, chumba kile kile chenye ubao uliopasuka kona. Wanafunzi ni sitini na wanane, madawati ishirini na moja. Nina ombi, na nimelizunguka wiki nzima. Nataka kwenda kusoma shahada ya uzamili nje ya nchi, katika elimu ya kimataifa. Fomu inajazwa kwenye kompyuta, nami kila Jumamosi nakaa masaa mawili kwenye duka la fotokopi mkabala na shule, nabishana na kibodi iliyofutika herufi.

Wanataka watu wawili wanishuhudie. Mkufunzi wangu wa chuo amekubali. Wa pili lazima awe mtu aliyenisimamia kazini, na mkuu wetu wa sasa ana miezi minne tu hapa, hata jina langu bado analitafuta. Nimebaki na wewe. Fomu yako nimeichapisha, imo humu. Ukishaijaza na kuandika barua yako, tia kwenye bahasha, ifunge kwa gundi, weka sahihi juu ya kifuniko, kisha uwatumie wao moja kwa moja. Mimi siruhusiwi kuona ulichoandika. Iwafikie kabla ya tarehe 30 Novemba.

Najua wewe si mtu wa kusifu. Tathmini yangu ya mwaka wa kwanza bado ninayo: sitini na mbili kwa mia. Siombi sifa, naomba uandike tu.

Mwanao wa kazini,
Mwalimu wa Darasa la Nne


Nyumbani, 15 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nakurudishia humu humu, nimeisahihisha. Hakuna kitu kinaitwa "masaa". Saa ni saa, hata zikiwa elfu. Tena umeandika "nimepiga simu yako". Ukiipiga simu yangu itavunjika. Mtu *unampigia* simu. Nimekupa sitini na nane, na hapo mwandiko ndio uliokuokoa.

Sasa tuje kwenye ombi. Tangu nistaafu, hapa mtaani zimefunguliwa shule tatu, na zote zimeandikwa getini "ya kimataifa". Moja ina bwawa la kuogelea na farasi mmoja. Nilikwenda kumuuliza mlinzi huo umataifa uko wapi, akaniambia, "Mzee, uko kwenye ada." Kama unataka kusomea kufundisha watoto wa farasi, niambie bila kuzunguka, nami nitakuandikia barua fupi ya adabu. Ila nieleze hao sitini na wanane unamwachia nani.

Mama watoto anasema nina gubu. Anakusalimu sana.

Mnayemwita Kalamu Nyekundu
(mlidhani sijui)


Shuleni, 27 Septemba

Mwalimu Mkuu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma ofisini kwa sauti, walimu wakacheka mpaka kengele ikapita dakika tano. Huyo farasi sasa ana jina hapa shuleni.

Lakini si hivyo, Mwalimu. Kosa ni la hao waliopaka rangi mageti. Ninachotaka kusomea ni kile kinachotokea mtoto anapovuka mpaka na elimu yake ikabaki ng'ambo. Nani anasoma cheti chake, nani anaamua akae darasa gani, afundishwe kwa lugha ipi. Mwaka huu peke yake nimepokea watoto kumi na mmoja kutoka nje. Kuna mmoja anagawanya desimali kichwani, lakini yuko nami darasa la nne kwa sababu cheti chake kimeandikwa kwa lugha ambayo ofisi ya elimu hakuna anayeisoma. Kila nikimtazama najisikia mwizi. Nataka kuona wenzetu wanafanyaje, nirudi tuandike utaratibu wetu. Nimesema nirudi, Mwalimu. Miaka miwili tu.

Nakuletea na rasimu ya maelezo yangu binafsi. Hiyo ndiyo wanayoipima zaidi. Ikate unavyotaka.

Mwanao,
Mwalimu wa Darasa la Nne


Nyumbani, 8 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Nimekuelewa. Farasi nimemtoa uwanjani, na samahani kwa yale ya ada.

Rasimu yako nimeisoma mara tatu. Sabini na moja. Usinung'unike, unajua themanini sijaivuka kwa mtu yeyote, hata Mama watoto kwa mapishi yake, na miaka arobaini ananidai maelezo. Lugha yako imenyooka. Ila umedanganya. Si uongo wa kusema, ni ule wa kunyamaza. Umeandika, "Uzoefu wangu ulinifunza umuhimu wa kumpokea mtoto mgeni." Uzoefu upi? Ulitokea wapi, siku gani, mtoto yupi? Sentensi hiyo hata mlinzi wa yule farasi angeweza kuiandika.

Yuko wapi yule binti wa dirishani? Nimemtafuta kurasa zote mbili. Mficha uchi hazai, mwanangu. Mrudishe binti, kisha uniletee tena.

Kalamu Nyekundu


Shuleni, 19 Oktoba

Mwalimu Mkuu,

Shikamoo. Basi niseme. Binti nilimtoa kwa ajili yako. Niliona si adabu kukuomba barua kwa mkono wa kulia, huku wa kushoto unakuanika mbele ya watu wa mbali. Sasa umeniamuru mwenyewe, na nimeandika hivi:

"Mwaka wangu wa kwanza kazini, alikuja kwetu binti wa miaka kumi na tatu kutoka nchi jirani. Hakuna aliyeweza kusoma cheti chake. Mwalimu mkuu alifuata kanuni, kwamba asiye na cheti kinachotambulika aanze chini, akamweka darasa la pili. Magoti yake hayakuingia chini ya dawati, akawa anakaa pembeni, dirishani. Kila mapumziko ya mchana nilimpa hesabu kwenye karatasi. Katika wiki tatu alimaliza za darasa la tano. Nilizichukua karatasi zile, nikaenda mlangoni kwa mwalimu mkuu, na mbele ya walimu wote nikamwambia, 'Mwalimu Mkuu, umekosea.' Alizitazama, hakunijibu. Muhula uliofuata binti alihamishiwa darasa la sita. Hatukulizungumza tena."

Ndivyo ilivyo, Mwalimu, hatukulizungumza tena. Baadaye ikaja ile sitini na mbili, nami nikafunga mdomo. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu na ulimi usio na breki. Kwa namna nilivyosema naomba radhi. Kwa nilichosema, siwezi.

Binti mwenyewe nilimwomba ruhusa. Yuko mwaka wa pili chuo cha ualimu sasa. Amenijibu, "Andika. Na uandike kwamba lile dawati liliniumiza magoti."

Ukiona sistahili barua yako baada ya haya, nitaelewa.

Mwanao,
Mwalimu wa Darasa la Nne


Nyumbani, 2 Novemba

Mwanangu,

Marahaba. Maelezo yako yaende kama yalivyo. Sikuyatia alama. Nimeongeza koma moja tu.

Kazi yangu nimeimaliza. Nimeandika barua, nimejaza fomu, nimefunga bahasha kwa gundi, nimetia sahihi juu ya kifuniko mpaka kalamu ikatoboa, na jana nimeituma kwa rejista. Risiti iko ndani ya kasha la miwani yangu ya akiba. Nilichoandika siruhusiwi kukuambia, nawe huruhusiwi kuuliza. Sikukuvisha kilemba cha ukoka, hilo ulijue.

Lakini hiyo fomu yao, mwanangu, imetengenezwa na watu wasiojua kusahihisha! Kuna mahali wanasema umpange mwombaji kati ya wote uliowahi kuwasimamia, halafu wanakupa visanduku: asilimia 1, 5, 10, 25, 50. Basi, wameishia hapo. Hakuna sitini, hakuna sabini. Nikamuuliza Mama watoto, hivi huko kwao wote wanafeli? Hiyo moja kwa mia unampa nani, aliyesahau kuandika jina lake? Mimi ni mchoyo wa alama, lakini si katili. Nimekutilia tiki kwenye namba kubwa kuliko zote, hamsini. Hata hivyo roho iliniuma, maana hamsini ni kufaulu kwa kuchungulia. Kwa hiyo pembeni nimeongeza neno langu kwa wino mwekundu, na nikalipigia mstari mara mbili. Usiniulize ni neno gani.

Tulia sasa, umefanya sehemu yako.

Kalamu Nyekundu


Shuleni, 12 Novemba

Mwalimu Mkuu,

Shikamoo. Barua yako imefika. Nashukuru sana kwa kazi uliyonifanyia. Maombi yangu yamekamilika, sasa ni kusubiri. Mvua zimeanza na darasa linavuja pale pale. Msalimie mama.

Mwalimu wa Darasa la Nne


Nyumbani, 6 Desemba

Mwanangu,

Barua yako ya tarehe kumi na mbili ina mistari mitatu na haina kosa hata moja. Nilimwambia Mama watoto, huyu mtoto ana jambo. Wewe ukiandika kwa moyo unakosea.

Jana nimelijua jambo lenyewe. Nilikwenda kliniki kupimwa presha. Daktari, kijana mcheshi, akaniambia, "Mzee, hongera, wewe uko kwenye asilimia tano ya juu ya watu wa umri wako." Nikamwambia, "Tano? Nimekuja hapa kwa miguu yangu, unanipa tano?" Akacheka mpaka akavua miwani. Kwa kuwa sikio halinisaidii, akachukua karatasi akanichorea watu mia moja kwenye mstari. Akamzungushia duara wa mbele kabisa, akaandika: *huyu ndiye asilimia moja ya juu*. Kisha akapiga alama katikati ya mstari, akaandika: *hadi hapa, hamsini*.

Nilimwomba ruhusa ya kukaa. Akadhani presha imepanda, na kweli ilikuwa imepanda.

Mwanangu, nimefundisha asilimia miaka thelathini na minne. Nimefelisha watoto wa watu kwa asilimia. Halafu wewe, kati ya wote, nimekutoa mbele nikakurudisha katikati ya mstari kwa mkono wangu mwenyewe. Nawe ulilijua hilo tangu uliposoma barua yangu, ukaniandikia kuhusu mvua. Nimeona haya, na nimeumia. Niambie niwaandikie leo hii. Nitawaambia mwalimu wa hesabu hajui hesabu.

Mimi


Shuleni, 17 Desemba

Mwalimu Mkuu wangu,

Shikamoo, na tafadhali shusha presha.

Ndiyo, nilijua. Siku mbili nilikasirika sana. Nilikufokea peke yangu jikoni, na bahati yako ni sikio. Nilipika ugali wa kukasirikia, ukawa mgumu, nikala hivyo hivyo. Siku ya tatu nikairudia barua yako, nikasoma tena pale ulipoandika "namba kubwa kuliko zote". Nikajiuliza, ni nani mwingine katika maisha yangu aliyewahi kukaa mezani na kunitafutia namba kubwa kuliko zote? Hasira zikaisha hapo, nikabaki nalia na kucheka kama kichaa.

Niliwauliza kama wanapokea fomu ya pili. Hawapokei, dirisha limefungwa. Maji yakimwagika hayazoleki. Wasiponichukua, mwakani naomba tena, nawe utatia tiki pale kwa aliyesahau kuandika jina lake. Nataka kwenda, Mwalimu, sitakuficha, nataka mpaka naota. Lakini sikutaka uzee wako ubebe hilo. Nikiwa na miaka ishirini na tatu niliweza kukuambia umekosea mbele ya watu. Safari hii nimeshindwa hata kwenye karatasi.

Mwanao,
Mwalimu wa Darasa la Nne


Shuleni, 10 Februari

Mwalimu Mkuu,

Shikamoo! Wameniita kwenye usaili!

Usaili wenyewe ulikuwa jana, kwa njia ya mtandao. Mwenye duka la fotokopi alifunga mlango kwa ajili yangu na kubandika karatasi, "Kuna mtihani, ondoka kimya." Walikuwa watatu kwenye kioo. Waliniuliza kuhusu binti wa dirishani, kuhusu watoto wangu kumi na mmoja, kuhusu utaratibu ninaotaka tuuandike. Baada ya muda nikasahau kama nasailiwa, nikawa naongea tu.

Mwishoni mama mmoja mwenye mvi akainua karatasi. Niliijua kabla hajasema. Akaniambia, "Mdhamini wako amekuweka kwenye nusu ya juu tu. Barua yake inasema wewe ndiye mwalimu bora aliyepata kufanya naye kazi. Halafu hapa pembeni ameandika kitu kwa wino mwekundu, tumebishana juu yake wiki nzima. Ni themanini na moja. Themanini na moja ya nini?"

Mwalimu, nililia mbele ya maprofesa watatu na mwenye duka. Waliposubiri, nikawaeleza kuwa yule ni mzee ambaye kwa miaka thelathini na minne hakumpa mtu zaidi ya themanini. Nikawaeleza na ile hamsini, mlivyoshangaa na Mama kwamba huko kwao wote wanafeli. Walicheka mpaka mmoja akatoka kwenye kioo. Yule mama hakucheka sana. Aliandika kitu, akasema, "Basi nimeelewa hii namba."

Mimi ndiye sijaielewa. Themanini naijua. Hiyo moja imetoka wapi?

Mwanao,
Mwalimu wa Darasa la Nne


Nyumbani, 19 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Wakijibu wao, nami nitajibu. Mpaka hapo fundisha.

Kalamu Nyekundu


Shuleni, 23 Machi

Mwalimu Mkuu!

Shikamoo. Wamenikubali, na ufadhili juu! Naondoka Agosti. Barua yao imefika asubuhi, nimeisoma masaa mawili kana kwamba ina kurasa mia, na ni ukurasa mmoja tu. Nakuletea nakala. Watoto wangu nimewaambia, yule wa desimali ameniuliza huko ninakokwenda watanianzisha darasa la ngapi.

Mkuu wetu mpya amekubali binti wa dirishani aje kufanya mafunzo ya vitendo hapa, darasa la nne. Atakaa kwenye kiti changu. Uliniuliza nawaachia nani, basi ndiye huyo.

Wao wamejibu. Sasa nijibu.

Mwanao,
Mwalimu wa Darasa la Nne


Nyumbani, 2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, marahaba, na hongera. Mama watoto amepiga vigelegele mpaka nimesikia, hata kwa sikio hili.

Nakujibu. Siku ile mlangoni, ulipozifungua zile karatasi, nilijua hapo hapo kwamba uko sawa. Hesabu za yule binti zilikuwa safi kuliko za baadhi ya walimu. Nilinyamaza kwa kuwa watu walikuwa wananitazama. Nikamhamisha kimya kimya wakati wa likizo, ili ionekane ni mimi niliyefikiri. Kisha nikakupa sitini na mbili. Ile haikuwa tathmini, mwanangu, ilikuwa hasira yenye muhuri wa shule. Kazi yako ya mwaka ule ilistahili themanini, na nimeijua alama hiyo kwa miaka minane bila kuiandika popote. Nisamehe. Hukuniomba niseme haya, lakini ni wewe uliyenionyesha jinsi yanavyosemwa.

Themanini ni ya mwalimu aliyefanya kila kitu sawasawa. Sikuwahi kupita hapo, maana nilidhani juu ya hapo ni mahali pangu mimi ninayesahihisha. Katika miaka thelathini na minne nimesahihisha watu wasiohesabika. Aliyenisahihisha mimi ni mmoja tu. Hiyo ndiyo moja.

Nenda salama, urudi salama. Mwambie na binti wa dirishani kuwa mzee anaomba radhi kwa magoti yake. Nikipata nguvu nitakuja nimwambie mwenyewe, nikiwa nimekaa kwenye lile dawati.

Baba yako wa kazini,
Kalamu Nyekundu

N.B. Umeandika "masaa" tena. Nimeliona. Nimeliacha.